Mkataba hadi 2026, kiti hakuna: je, mikataba ya madereva wa langalanga ni makaratasi tu?

Swali:

"Habari za kazi. Nafuatilia langalanga (Formula 1) tangu enzi za Michael Schumacher, na kila msimu unapoisha nachanganyikiwa. Juni 2024 timu ya Red Bull ilitangaza kwamba dereva wake Sergio Pérez ameongezewa mkataba hadi 2026. Kabla ya Krismasi ya mwaka huohuo hana kazi. Liam Lawson akapewa kiti, akadumu mbio mbili. Akaja Yuki Tsunoda, nikanunua kofia yenye jina lake, na sasa naye amefanywa dereva wa akiba. Tetesi nazo haziishi: Max Verstappen wa Red Bull anaenda timu ya Mercedes, haendi, anaenda. Wenzangu wananiambia mikataba ya huko ni makaratasi tu, na kwamba lisemwalo lipo. Ni kweli? Nauliza pia kwa sababu mpwa wangu wa miaka 16, anayeendesha gokati hapa Nairobi, ametumiwa mkataba na wakala wa Ulaya anayemuahidi kiti cha Formula 4, daraja la vijana wanaotoka kwenye gokati. Ikiwa Pérez aliachwa akiwa na mkataba wa miaka miwili mkononi, karatasi ya huyu mtoto itamlinda na nini?"

Jibu:

Pole kwa ile kofia. Usiitupe, Pérez mwenyewe alikuwa nje msimu mzima wa 2025, na Agosti ya mwaka huo Cadillac wakamtangaza pamoja na Valtteri Bottas kuwa madereva wao wa 2026. Katika mchezo huu mtu huzikwa mapema mno.

Naona maswali yako ni mawili, ila linalokukosesha usingizi ni la mpwa wako. Nitalifikia. Lakini jibu lake linaanzia kwa Pérez, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Kwanza tuondoe mazoea ya soka. Sisi tumekulia kwenye usajili wa kandanda: kuna dirisha linalofunguliwa na kufungwa, mchezaji anaandikishwa klabu moja, klabu nyingine ikimtaka inatoa ada. Langalanga haina dirisha. Timu inaweza kubadilisha dereva Desemba, Machi, au katikati ya msimu kati ya mbio moja na nyingine, ndivyo Alpine walivyofanya Mei 2025 walipomtoa Jack Doohan na kumweka Franco Colapinto. Halafu viti vyenyewe ni vichache mno: timu 11 kwa msimu wa 2026, viti viwili kila timu, basi. Hakuna benchi la wachezaji kumi na hakuna ligi ya pili ya kujificha ukisubiri zamu yako. Mmoja akisogea, wengine watatu au wanne wanasukumwa.

Sasa kiini. Mkataba wa dereva hauamui nani atakaa ndani ya gari siku ya Jumapili. Unaamua nani atamlipa nani, na kiasi gani, asipokaa. Ukilishika hilo, mengi yaliyokuchanganya yatakaa sawa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Giedo van der Garde, Mholanzi aliyekuwa na mkataba na timu ya Sauber kwa msimu wa 2015. Timu ikaajiri madereva wengine wawili, Marcus Ericsson na Felipe Nasr, waliokuja na wadhamini. Van der Garde akaenda mahakamani mjini Melbourne wiki ileile ya mbio za Australia, na akashinda. Ijumaa akaonekana kwenye karakana ya timu akiwa amevaa ovaroli ya Ericsson, na Sauber hawakutoa gari hata moja katika mazoezi ya kwanza kwa kuogopa kukiuka amri ya mahakama. Karatasi yake ilikuwa halali, jaji alimkubali, na bado siku ya mbio walioendesha ni Ericsson na Nasr. Yeye alikubali kuondoka, na iliripotiwa kwamba fidia yake ilikuwa kama euro milioni 15. Utasema mkataba haukumsaidia? Ulimsaidia sana, ila haukumpa gari. Hakuna jaji anayeweza kumlazimisha fundi afunge gurudumu kwa moyo safi kwa ajili ya dereva ambaye timu haimtaki.

Rudi kwa Pérez ukiwa na hilo. Mwanzo wa 2024 alikuwa vizuri: katika mbio tano za kwanza alipanda jukwaani, yaani kumaliza ndani ya watatu bora, mara nne. Mkataba ulipotangazwa tarehe 4 Juni, Red Bull walikuwa wananunua utulivu. Walitaka dereva wa pili aache kuulizwa kila wiki kama atakuwepo mwakani. Mambo yakaenda kinyume. Baada ya China, mwezi Aprili, hakupanda tena jukwaani mwaka mzima. Verstappen alitwaa ubingwa kwa pointi 437, Pérez akamaliza wa nane na pointi 152. Na hapa ndipo mashabiki wengi hawaangalii: fedha za zawadi zinagawiwa kwa nafasi ya timu, si ya dereva. Red Bull, mabingwa wa timu mwaka 2023, waliangukia nafasi ya tatu nyuma ya McLaren na Ferrari ilhali wana bingwa wa dunia kwenye gari moja. Gari la pili lilikuwa linawagharimu. Wakapiga hesabu ya kumlipa aondoke dhidi ya kumbakisha, na tarehe 18 Desemba ikatoka taarifa kwamba pande mbili zimekubaliana kuachana. Hayo maneno "zimekubaliana kuachana" yana maana: kuna hundi nyuma yake. Mkataba haukupuuzwa, ulilipwa.

Kwa hiyo wenzako wamekosea kusema ni makaratasi tu, ingawa naelewa wanachokiona.

Kitu cha pili ni kwamba mkataba unaotangazwa siku zote ni mfupi kuliko ulioandikwa. Unaposikia "hadi 2026", sisi tunaosoma mikataba tunauliza: ni miaka miwili kamili, au mmoja na timu ina hiari ya kuongeza? Je, kuna kipengele cha matokeo, kwamba dereva akiwa chini ya nafasi fulani au pointi fulani ifikapo mapumziko ya kiangazi, timu iko huru? Na dereva naye ana mlango wake? Lewis Hamilton alitangaziwa mkataba na Mercedes mwishoni mwa Agosti 2023, hadi mwisho wa 2025. Tarehe 1 Februari 2024, kabla gari jipya halijagusa lami, ikatangazwa kwamba anakwenda Ferrari mwaka 2025. Watu wakalia usaliti. Mercedes wenyewe walieleza kwamba ametumia kipengele cha kuachiwa kilichokuwa ndani ya mkataba uleule. Miaka miwili ile ilikuwa mwaka mmoja wenye mlango. Siku hizi timu zinapenda kutangaza "mkataba wa miaka mingi" bila kutaja hata mwaka mmoja. Ukiona hivyo ujue kuna milango ambayo hakuna anayetaka uihesabu.

Wewe wa enzi za Schumacher utakumbuka alivyoanza: Agosti 1991 aliendesha gari la timu ya Jordan pale Spa, na mbio zilizofuata, Monza, akawa ndani ya gari la timu nyingine, Benetton. Vurugu ile ya timu mbili juu ya dereva mmoja ndiyo iliyozaa bodi ya kutambua mikataba, iliyoko Uswisi, ambako timu huweka kumbukumbu za mikataba yao ili wawili wakimgombea dereva mmoja kuwe na wanasheria wa kuamua. Ilimwamulia Jenson Button mwaka 2004, alipotaka kuhamia timu ya Williams ikasema abaki timu yake ya BAR. Lakini kesi ya kujifunzia ni ya Oscar Piastri, na nakuomba uisome kwa makini kwa sababu ya mpwa wako.

Tarehe 1 Agosti 2022 Fernando Alonso alitangaza kuhama Alpine kwenda Aston Martin. Kesho yake Alpine wakatoa taarifa kwamba Piastri, kijana waliyemlea na kumlipia majaribio, ndiye atakayechukua kiti. Taarifa ile haikuwa na neno hata moja kutoka kwa Piastri. Baada ya saa chache yeye akaandika mtandaoni kwamba imetolewa bila ridhaa yake na hataiendeshea timu hiyo mwakani. Dunia ikamwita asiye na shukrani. Bodi ilipoketi, ikakuta kwamba Alpine walikuwa na karatasi ya makubaliano ya awali tu, isiyokuwa mkataba kamili wa kuendesha, na hawakuwahi kuikamilisha. McLaren walikuwa na mkataba halisi wenye tarehe 4 Julai 2022. Uamuzi ukatoka Septemba 2 na haukuwa na mjadala. Alpine, timu ya kiwanda kikubwa yenye wanasheria wake, ilimpoteza dereva kwa sababu mtu ofisini hakumalizia karatasi. Binafsi sijawahi kumwona Piastri kama mkosaji katika hilo.

Tuje kwenye tetesi. Lisemwalo lipo, sawa, lakini katika biashara hii mimi huuliza kwanza: limesemwa na nani, na anapata nini likisemwa? Chukua hilo la Verstappen na Mercedes katikati ya 2025. Mkataba wake na Red Bull unakwenda hadi 2028, ila iliripotiwa kuwa una kipengele cha kumruhusu kuondoka matokeo yakishuka. Wakati huohuo George Russell alikuwa bado hajasaini upya na Mercedes. Tetesi kwamba bingwa anakuja zilimpunguzia Russell nguvu mezani, na kwa upande wa pili zilimwongezea Verstappen nguvu ndani ya timu yake mwenyewe. Hakuna aliyehitaji kudanganya. Ilitosha mazungumzo ya kweli yavuje kwa wakati unaofaa. Agosti ilipokaribia Verstappen akasema anabaki, na Oktoba Mercedes wakawathibitisha Russell na Kimi Antonelli. Ziliyeyuka, lakini kazi yake zilikuwa zimeshaifanya.

Kuna ungo mwingine, nao ni wa leseni. Hakuna anayepanda gari la Formula 1 kwenye mashindano bila leseni ya juu ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, na kuipata anatakiwa awe na pointi 40 alizokusanya katika madaraja ya chini ndani ya misimu mitatu. Mwaka 2022 ilivuma kwamba Mmarekani Colton Herta anakwenda timu ya AlphaTauri. Alikuwa mshindi wa mbio za IndyCar za Marekani, timu ilimtaka, kila kitu kilionekana tayari. Pointi hazikutosha, FIA ikakataa kulegeza, habari ikaishia hapo. Ukisoma tetesi ya kijana fulani, kwanza angalia kama anaruhusiwa. Utaondoa nusu ya unayoyasoma Desemba na Januari.

Wakati mwingine kinachotikisa kila kitu hakikuwa na tetesi hata moja. Nico Rosberg alitwaa ubingwa Abu Dhabi tarehe 27 Novemba 2016, na siku tano baadaye akastaafu. Mercedes wakabaki na kiti bora duniani, tupu, mwezi Desemba, na karibu kila dereva mzuri ameshasaini kwingine. Walikuwa na kijana wao, Pascal Wehrlein, wakamwona hajaiva. Wakamfuata Bottas aliyekuwa Williams, timu iliyokuwa ikitumia injini za Mercedes. Ukiwa wewe ndiye unayemuuzia mtu injini, mazungumzo huwa mepesi. Williams nao walikuwa wamebaki na Lance Stroll wa miaka 18, hawawezi kwenda na mtoto peke yake, wakamrudisha Felipe Massa ambaye Novemba hiyohiyo alikuwa amewaaga Wabrazili wenzake kwa machozi pale Interlagos. Wehrlein akaishia Sauber. Yote yalitangazwa tarehe 16 Januari 2017. Nyinyi wa Kenya mmeonja dogo la namna hiyo: Kalle Rovanperä, aliyeshinda Safari Rally 2022 na 2024, alitangaza Oktoba 2025, akiwa na miaka 25, kwamba anaiacha rali na kwenda mbio za viwanjani.

Na kuna kiti kinachofuata fedha. Mkono mtupu haulambwi. Nikita Mazepin, Mrusi, aliingia timu ya Haas akiwa na Uralkali, kampuni ya mbolea iliyofungamana na baba yake, kama mdhamini mkuu. Urusi ilipoivamia Ukraine, timu ilivunja mkataba wa mdhamini na wa dereva siku moja, tarehe 5 Machi 2022. Siku chache baadaye wakamrudisha Kevin Magnussen, na katika mbio za kwanza Bahrain akamaliza wa tano. Kiti cha Mazepin na jina lililoandikwa ubavuni mwa gari vilikuwa kitu kimoja. Kimoja kilipoondoka kingine hakikuwa na pa kushika.

Sasa mpwa wako, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Hayo yote niliyoeleza ni ya dereva anayelipwa. Katika Formula 4 mambo yamegeuka: dereva ndiye anayelipa. Timu ya Formula 4 ni mfanyabiashara anayekodisha gari, mafundi na mhandisi, na msimu mmoja Ulaya unakula mamia ya maelfu ya euro. Kwa hiyo huyo wakala "anayemuahidi kiti" huenda hamuahidi chochote zaidi ya nafasi ya kununua, na ziko nyingi, kwa sababu timu zinatafuta wateja kila mwaka mapumziko ya msimu yanapoanza. Si lazima awe tapeli. Ila neno "kiti" lisiwapumbaze.

Umri si tatizo, Formula 4 hupokea kuanzia miaka 15. Tatizo ni kwamba mtoto wa miaka 16 hawezi kujifunga peke yake kwa mkataba wa aina hiyo, hivyo atakayesaini ni mzazi au mlezi, na deni litakuwa la mzazi au mlezi. Dada yako aelewe hilo kabla ya kushika kalamu.

Kwanza tazameni aliyeweka jina upande wa pili. Ni timu yenyewe, au ni wakala tu? Kama jina la timu halipo, basi huna kiti, una ahadi ya mtu kwenda kuomba. Ndiyo yaleyale ya Alpine: karatasi ya awali inayosema "tutakubaliana baadaye" haina uzito siku ya ugomvi, na safari hii mwenye kuumia ni nyinyi. Iandikieni timu moja kwa moja, kwa anwani iliyo kwenye tovuti yake na si ile aliyowapa wakala, muulize kama wanamfahamu huyu bwana na kama jina la kijana liko kwao.

Halafu fedha. Malipo yagawanywe kulingana na kazi inayofanyika: kiasi kabla ya majaribio, kiasi kabla ya mbio za kwanza, na kuendelea. Anayetaka zote mwanzoni anataka hatari yote iwe kwenu. Iandikwe timu itarudisha nini isipotoa gari, au ikimpa mwenye mfuko mkubwa nafasi ya kijana katikati ya msimu. Na ulizeni gari likigongwa nani analipa. Hiki ndicho kinachoziumiza familia nyingi kuliko bei ya msimu: bawa la mbele, mkono wa usukani, sakafu ya gari, kila kimoja na ankara yake, na kijana mgeni wa viwanja atagonga tu. Ombeni kikomo cha gharama hizo kwa kila tukio, kiandikwe.

Mkataba wa wakala wenyewe nao una sumu yake. Angalieni ni wa miaka mingapi na anachukua asilimia ya nini. Nimeona rasimu zinazomfunga kijana kwa wakala miaka kumi, zikidai sehemu ya mapato yake yote, hata ya kazi ambayo wakala hakuitafuta. Mtoto wa miaka 16 hatakiwi kufungwa hivyo. Miaka miwili, na njia ya kutoka kama wakala hakumpatia kitu, ni ombi la kawaida. Akikataa, mmepata jibu lenu mapema.

Mengine siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Kabla ya kutuma hata shilingi, nendeni ana kwa ana sehemu mbili. Ya kwanza ni shirikisho la michezo ya magari la Kenya, KMSF, kwa sababu leseni ya mpwa wako inatoka huko na akitaka kushindana nje anahitaji idhini yao. Wataweza pia kuwaambia kama safari hiyo ina mantiki kwa kiwango chake cha sasa. Ya pili ni wakili aliyezoea mikataba ya kibiashara, hata kama hajui gokati ni nini. Mpeni nakala yote pamoja na viambatisho, barua pepe na ujumbe wa simu wa wakala, na muanze kwa kumuuliza ugomvi utaamuliwa na sheria ya nchi gani na katika mji gani. Kama ni Milan, muulize itawagharimu kiasi gani kufungua kesi huko, muweke kiasi hicho kwenye hesabu ya msimu.

Na wakala akiwapa siku tatu za kusaini, mwambieni mnahitaji wiki tatu. Timu inayomtaka kijana kweli itazisubiri, hasa katika mapumziko ya msimu, magari yakiwa yamefunikwa maturubai.